Dalali wa Kigamboni alivyomjibu mama yangu, kisa maji ya chumvi

Nilijizuia kuandika hili nikasema ngoja hasira zipoe, hazijapoa, kwa hiyo naandika tu. Ni habari ya dalali aliyetuzungusha Kigamboni mimi na mama yangu mzazi. Kama na wewe unawaza kuhamia karibu na bahari huku kazini Posta, katikati ya jiji la Dar, unaendelea kwenda kila siku, soma kwanza kabla hujatoa hela yako.

Mimi nakaa Tabata. Foleni sitaielezea, kila mtu anaijua. Kilichonisukuma hasa ni mama, amezaliwa Pangani, na tangu nimlete Dar kwa ajili ya presha yake kila siku ni mwanangu huku hakuna upepo, mwanangu huku kuna joto. Nikapiga hesabu zangu nikaona Kigamboni inawezekana kabisa, kivuko ni 200, ukishuka upande wa Magogoni Posta unatembea kwa miguu, na siku una mizigo kuna daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, unalipia unapita unatokea Kurasini. Nikaona mbona tunachelewa.

Basi nikampata huyu dalali. Tangazo lake: vyumba viwili, bahari unaiona dirishani, maji masaa 24. Nikamuuliza kwenye simu, maji ni ya bomba au ya kisima? Akaniambia dada maji yapo ya kumwaga, wewe njoo. Nilitakiwa nishtukie hapo hapo maana sikuuliza kama yapo, niliuliza yanatoka wapi. Ila alikuwa na maneno matamu na hela ya kuonyeshwa elfu ishirini alitaka itangulie, nikaituma.

Tukaenda Jumamosi moja hivi. Kwenye kivuko mama alisimama pembeni kabisa, ameshika lile chuma, mtandio unapepea, hasemi kitu, anaangalia maji tu. Sijamuona vile muda mrefu. Nilishaanza kuona makochi yetu tutayapanga vipi.

Dalali katukuta upande wa pili na bajaji. Kijana mdogo tu, hata miaka thelathini sidhani. Mama yangu ana mvi kichwa kizima na yule kijana hakumpa shikamoo. Akasema "mambo, twendeni, nina wateja wengine". Nikameza, nikasema labda ana haraka.

Nyumba yenyewe kusema ukweli ni nzuri, siwezi kuongopa. Madirisha makubwa, na bahari kweli unaiona, pale hakudanganya. Grili zimeliwa na kutu lakini pwani ndo ilivyo, chuma hakidumu. Mama hakuhangaika na madirisha, alienda moja kwa moja uani kwenye bomba. Mdomoni mwa lile bomba kulikuwa na ukoko mweupe umeganda kama chokaa. Akafungua, akakinga kiganja, akaonja, akatema. Akachukua kipande cha sabuni kilichokuwa pale kwenye karo, akasugua mikono, akasugua weee, povu hakuna. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, haya si maji baridi." Yaani yana chumvi.

Na mama yangu chumvi amekatazwa na daktari. Mboga nyumbani napika kwa kupima, leo nikampikie kwa maji ya chumvi?

Nikamgeukia dalali, nikamuuliza kwa ustaarabu kabisa, mbona hukuniambia ni kisima cha chumvi? Hakunijibu mimi, alimjibu mama. Akamwambia, "Bi mkubwa, umekuja kuangalia nyumba au kuonja maji? Si mnachemsha." Alafu akacheka.

Yaani pale nilisikia mwili mzima umepata moto. Kwanza kuchemsha hakutoi chumvi, unachemsha maji yanapungua chumvi inabaki pale pale na inazidi ukali, kila mtu wa pwani anajua. Ila sio hilo. Huyu ni mtu mzima, umri wa bibi yako, hukumuamkia, sasa unamcheka usoni kwa sababu ametambua ulichokificha? Mama hakusema neno, alifunga bomba vizuri lisidondoke, akajifuta mikono kwenye khanga. Ndo kilichoniuma zaidi, vile alivyolifunga.

Kilichobaki nakipitisha haraka maana nilikuwa sisikii vizuri. Akajaribu kuniuzia na kiwanja, eti maji ya bahari yanagusa ukuta. Nikamuuliza vipi kuhusu mita 60 kutoka baharini ambazo sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu, akasema dada wewe una maswali mengi. Elfu ishirini yangu akasema hairudi.

Kwa hiyo nilitaka kuandika Kigamboni msiende, na siku ile ningeandika hivyo. Ila kuna mama mmoja anakaanga mihogo jirani na ile nyumba, alituona tunatoka akatukaribisha kwenye benchi. Akamuamkia mama, akatuambia bila kuficha, hayo maji wao wanafulia na kudekia tu, ya kunywa na kupikia wananunua kwa madumu, na bamvua likija bahari inapanda mpaka nyuma ya ukuta ule. Akatuambia maji yanatofautiana mtaa kwa mtaa, kuna sehemu bomba la DAWASA limefika na kuna sehemu bado visima, twende tukaulize wenye nyumba wenyewe. Dakika kumi kwenye benchi, bure, na mihogo akatuongezea.

Kwa hiyo tatizo ni dalali, Kigamboni haina kosa. Au niseme sio madalali wote... hapana, kwa kweli saivi siwezi kusema hivyo, kwa sababu juzi nimeliona tangazo lile lile, picha zile zile, na safari hii kaongeza "maji matamu". Matamu! Baada ya mama yangu kuyatema mbele yake! Nikaandika pale chini kwamba ni ya kisima na ni ya chumvi, kanibloku.

Mama bado anataka bahari. Tunarudi wiki hii, tutaanzia Kibada tuje mpaka Mjimwema, hatuchukui dalali, na ameshaosha chupa tatu tupu za kubebea maji ya kila nyumba tukayaonje vizuri. Mwenye nyumba ya kupangisha maeneo hayo, ya maji baridi, kodi ya miezi sita ipo mkononi, anitafute.