Saa saba ya nani? Kampuni iliyotuandalia harusi Kahuzi-Biega

Maneno haya nimeyaandika mara mbili na kuyafuta. Mara ya kwanza hasira ilikuwa nyingi mno. Mara ya pili mdogo wangu, bibi arusi mwenyewe, aliniomba mimi mkubwa wake niache: "Yaya, harusi ilipendeza, picha ziko." Ni kweli, picha ziko. Lakini tafuta ile ya baraka, uniambie shangazi yetu amesimama wapi.

Ilikuwa kiangazi, wakati ule ndege bado zilikuwa zinatua Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, na mtu aliweza kuota mambo kama hayo. Bwana arusi alikulia karibu na mbuga, akataka baraka zifanyike pale Tshivanga, kwenye lango la Kahuzi-Biega, mbuga ya gorila mashariki mwa Kongo, si kwenye ukumbi wa mjini wenye viti vya plastiki vilivyovalishwa mashuka. Sisi wa upande wa bibi tulicheka kidogo, kisha tukakubali. Tukatafuta kampuni ya kuandaa kila kitu: magari, chakula, mahema, na ile karatasi ya maelezo ya wageni. Nusu ya pesa tukalipa mbele.

Karatasi ndiyo iliyotuua.

Ilitumwa kwenye WhatsApp, nzuri kwa macho, maua pembeni, sokwe mkubwa juu yake kama vile ndiye anayeoa. Juu Kifaransa, chini Kiswahili. Kifaransa kiliandika: "Départ 7h00, Nyawera", mtaa wetu wa mjini Bukavu. Kiswahili chini yake kikaandika: "Kuondoka saa saba kamili, Nyawera."

Mimi nilisoma Kifaransa, nikapita. Vijana wote walisoma Kifaransa. Binamu zetu wa Kinshasa, ambao kwao saa iko nyuma yetu kwa saa nzima, nao walisoma Kifaransa, na hawakuchelewa. Shangazi alisoma Kiswahili. Alitoka Walungu siku moja kabla, akalala Kadutu kwa rafiki yake ili asitusumbue, akaamka polepole, akapiga pasi kikwembe, kitenge chetu cha sare, na saa sita na nusu mchana akawa amekwisha kufika Nyawera na kikapu chake. Nusu saa kabla ya wakati. Sisi tulikuwa tumeondoka tangu saa moja na dakika kumi asubuhi, kila mtu akidhani shangazi yuko kwenye gari lingine.

Tshivanga mtandao unakuja na kuondoka. Simu yake ilinifikia wakati pasta anafungua Biblia. Nilijitenga nyuma ya hema. Shangazi hakulalamika, aliuliza tu kama tumebadilisha mahali. Kisha akampa simu kijana wa kampuni aliyebaki ofisini kwao, hapo hapo karibu. Nanukuu, maana maneno haya nimeyabeba mpaka leo: "Mama, karatasi iko wazi. Kama mutu hajuwe kusoma, ile si kosa yetu."

Shangazi amesimama pembeni yake, anasikia. Shangazi aliyefundisha shule ya msingi mpaka mvi zikamtoka. Nusu ya watu wa kijiji chake wanaojua kuandika majina yao, aliwashika mkono yeye. Na alikuwa amesoma sawasawa! Saa saba ni saa saba. Ni nani kati yetu, mtoto wa Bukavu, akiambiwa na mama yake "njoo ule saa saba", atafika alfajiri na sahani? Yule kijana alichukua tarakimu ya Kifaransa akaivalisha nguo ya Kiswahili, kisha akamwambia mwenye lugha kwamba hajui kusoma.

Nikamuomba gari. Akasema magari yote yako juu, na safari ya pili haimo kwenye mkataba.

Kwa hiyo shangazi alipanda basi la Kavumu, akashuka kijiji cha Miti, pale njia ya mbuga inapogawanyika, akachukua motari. Mwanamke wa umri ule, juu ya pikipiki, kikapu mapajani, kupanda mlima wote ule katika vumbi la kiangazi. Alipofika tulikuwa tumeshakata keki. Kope zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Alipofungua kitambaa cha kichwa, kilikuwa na mstari mmoja tu mweupe, pale kilipokuwa kimekunjwa ndani. Mlinzi wa mbuga langoni ndiye aliyempokea, akamletea maji ya kunawa na kumpa koti lake, kwa sababu kule juu, zaidi ya mita 2,000, jua likifichwa na wingu unatetemeka hata Julai. Koti hilo nalo karatasi haikulisema. Karatasi ilisema "tenue de soirée", nguo za sherehe ya usiku. Wasichana walikuja mabega wazi, wakamaliza karamu wamejifunika vitambaa vya meza.

Na sijamaliza na karatasi. Kwa asubuhi ya pili iliahidi "familia nzima kutembelea gorila". Familia nzima! Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa gorila, mwenye mafua naye anabaki, na wanaokwenda wanavaa barakoa, maana ugonjwa wetu mdogo unaweza kuwaua wale. Gorila hawa wa Grauer hawapatikani nchi nyingine yoyote ila Kongo, walinzi wana haki ya kuwa wakali. Lakini nani alimweleza kaka yangu na watoto wake wanne, waliolala na viatu miguuni kwa furaha? Walinzi, asubuhi, langoni. Watoto walilia mpaka tukawapa soda.

Halafu wageni waliotua Kavumu waliagizwa waje kwanza mjini Nyawera, walale, kesho warudi njia ile ile. Miti iko karibu kabisa na uwanja wa ndege! Dereva mmoja tu ndiye aliyetumia akili: aliwapigia binamu simu, akawaambia walale huko huko, atawaokota asubuhi akipita.

Nisiwe mtu wa kuhesabu mabaya tu. Chakula kilikuwa kizuri, kweli kabisa. Sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, zilizokaangwa zikafika bado zinalia mdomoni, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya kutosha, bugali ya moto kule kwenye baridi. Mahema yalisimama imara. Na ile miti nyuma ya maarusi, ukungu ukishuka kati yake wakati kwaya inaimba bila spika kwa sababu walinzi walikataza kelele... niliacha kukasirika kwa dakika kama tano. Mtu akiniuliza kama afunge harusi pale, nitamwambia ndiyo, mambo yakitulia, bila kufikiri.

Nilikuwa nimeamua nyota tatu. Lakini tulipokwenda ofisini kwao kulalamika, mwenye kampuni alitusikiliza vizuri, akatuletea chai, akatoa pole, kisha akatupa barua: punguzo kwa harusi ijayo ya bibi arusi. Ya bibi arusi yule yule. Mume wake amekaa pembeni anakunywa chai. Yule kijana alikuwa mezani kwake, hakuinua hata kichwa.

Basi nyota mbili. Moja ya chakula, moja ya dereva aliyewaokota watu Miti.

Hapana, yule dereva tulimkodi sisi wenyewe. Moja.