GP ya Herstal: nimeitunza miaka 22, sasa nasema ipumzishwe

Jumapili iliyopita mtoto wa dada yangu, aliyepata cheo cha luteni mwaka huu, alinikuta nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi. Alichomoa shajeri, kile kisanduku cha risasi, akavuta chuma cha juu, akanionyesha chemba tupu, ndipo akaweka bastola mezani. "Yomba, wamenipa hii. Niishike, ao niombe ingine?"

Ilikuwa GP. Mimi ni ajida mstaafu, fundi wa silaha. Miaka 22 nilikaa ghalani, na bastola niliyoifungua mara nyingi kuliko zote ni hii. Sikumjibu palepale. Nilimwambia aniachie usiku wa kufikiri, na niliyofikiri ndiyo haya.

Nianze na sifa zake, kwa sababu inastahili. GP ni Grande Puissance, yaani Nguvu Kubwa. John Browning, mbunifu wa silaha Mmarekani, aliianza, akafa mwaka 1926 akiwa kazini kwenye kiwanda cha silaha cha FN huko Herstal, Ubelgiji. Dieudonné Saive akaimaliza, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Wakati huo bastola nyingi za majeshi zilibeba risasi 7 au 8. Hii ilibeba 13, zimepangwa safu mbili ndani ya shajeri, na bado mshiko wake unajaa vizuri kwenye kiganja. Kwetu Kongo ililetwa na Wabelgiji, wao wakaondoka mwaka 1960, yenyewe ikabaki. Chuma chake ni chuma kweli. Nimepokea GP zilizolala kwenye ala ya ngozi msimu mzima wa mvua, upande mmoja umeliwa na kutu nyekundu kama udongo wa hapa Lubumbashi, nikazisugua, nikazitia mafuta, zikapiga.

Vijana wengi wanadhani bastola huzeeka kwa miaka. Inayozeeka kwanza ni springi, na baada yake shajeri. Mwaka mmoja tulipeleka GP kumi na mbili uwanja wa shabaha. Tano zilikwama. Risasi iliinua pua, ikagonga ukingo wa mtutu, ikasimama. Kamanda akasema bastola zimekufa, ziandikwe kwenye orodha ya kutupwa. Nilimwomba saa moja. Nilichukua shajeri za zile saba nzima nikazitia kwenye zile tano mbovu, zote zikapiga. Bastola hazikuwa na kosa. Midomo ya shajeri ilikuwa imepinda kwa kuangushwa chini, na springi za ndani zilikuwa laini kiasi kwamba niliweza kuzibonyeza kwa kidole kimoja. Tangu siku ile niliandika namba kwenye kila shajeri kwa rangi nyeupe, na iliyokwama mara mbili sikuirudisha kazini.

Jambo la pili linalozimaliza ni mafuta mabaya. Askari akikosa mafuta ya silaha anaosha kwa mazutu, yaani dizeli, hiyo naielewa, mazutu inatoa uchafu. Lakini wapo wanaopaka mawese. Mawese yakipoa yanaganda, yanashika vumbi la kiangazi, na pini inayogonga risasi inakwenda polepole kama mtu anayetembea kwenye matope. Utasikia nyundo imeanguka, risasi haikulia. Nawaomba wote wenye GP wasipake mawese.

Kuna kasoro ambazo hakuna fundi anayezitibu, kwa sababu zilizaliwa nayo. Nyundo ya zile za zamani inauma ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada. Mimi mwenyewe nina kovu. Kifungio cha usalama ni kidogo, kidole chenye jasho kinakikosa. Alama za kulengea ni nyembamba, jioni huzioni. Halafu kuna kile kipande kinachozuia bastola isipige shajeri ikiwa imetolewa. Nia yake ilikuwa njema, ila kinasugua shajeri kila unapovuta kifyatuo, na kifyatuo kinakuwa kizito na chenye mikwaruzo.

Kubwa kuliko hayo yote ni hili. Kifyatuo cha GP hakiinui nyundo. Ni lazima nyundo iwe imevutwa nyuma tayari, ama kwa gumba ama kwa kuvuta chuma cha juu. Kwa hiyo ofisa ana njia mbili: atembee nyundo ikiwa nyuma na kile kifungio kidogo ndicho kinachomlinda, au atembee chemba ikiwa tupu na atafute mikono miwili siku ya hatari. Karibu wote niliowahudumia walichagua chemba tupu. Siwalaumu, ndivyo nilivyowashauri.

Wenzetu waliokuwa nayo wameshaamua. Waingereza walianza kuiacha mwaka 2013, wakanunua Glock 17 zaidi ya 25,000 kwa pauni milioni 9. Wakanada, ambao kiwanda cha Inglis cha Toronto kiliwatengenezea GP wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, walikaa nazo karibu miaka 80, wakaagiza SIG P320 mwaka 2022. Wafaransa, wao na bastola yao wenyewe ya zamani, MAC 50, mwaka 2020 walitangaza kununua Glock 17 zipatazo 75,000. Na FN wenyewe waliacha kuitengeneza GP mwaka 2018. Mwaka 2022 walitoa bastola mpya yenye jina lilelile, lakini shajeri yake haiingii kwenye ya zamani. Fundi akisikia hivyo anajua safari imefika mwisho, kwa sababu kuanzia hapo, kwetu sisi, karibu kila kipuri unachokipata kimetoka kwenye bastola nyingine iliyovunjwa. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa nakula GP tatu ili mbili ziishi.

Glock 17 niliishika siku chache kwenye mafunzo. Ni nyepesi, karibu gramu 700 pamoja na shajeri tupu, wakati GP inakaribia gramu 900. Inabeba 17. Ukiifungua, vipande ni vichache na havihitaji fundi mwenye miaka 22. Sikuipenda kwa macho, plastiki haina uzuri wa chuma, lakini mkono ulinishinda: nilipiga vizuri zaidi. Hofu yangu ni moja. Haina kifungio cha pembeni. Usalama umo ndani ya kifyatuo na ndani ya kichwa cha anayeishika. Ofisa anayepiga risasi kumi kwa mwaka atajipiga mguu. Anayenunua bastola anunue na masanduku ya risasi za mazoezi, la sivyo abaki na GP.

Na risasi ziwe milimita 9 Parabellum zilezile. Nasema hivi kwa sababu wako maofisa wenye Makarov, bastola ya Kirusi, na hiyo pia huitwa milimita 9. Ganda la Makarov lina urefu wa milimita 18, la GP 19, na risasi yenyewe ya Makarov ni nene kidogo zaidi. Tuliwahi kupokea sanduku kutoka ghala jingine limeandikwa "9 mm", tukafurahi, kumbe ni za Makarov. Kwa miezi GP zetu zilikaa na njaa pembeni ya chakula kisichokuwa chao.

Sasa niseme linaloniuma. Tangu Desemba 2022, kwa azimio 2667 la Baraza la Usalama, wanaoiuzia nchi yetu silaha hawalazimiki tena kuuarifu kwanza Umoja wa Mataifa. Mlango uko wazi. Lakini bastola mpya ikiingia, ya zamani inakwenda wapi? Nimeona GP yenye namba niliyoijua, namba niliyoiandika kwa mkono wangu kwenye daftari, imekamatwa mkononi mwa mwizi wa usiku. Mapatano ya Kinshasa ya mwaka 2010, ya nchi za Afrika ya Kati, yanataka silaha zitiwe alama, ziandikwe, na za ziada ziharibiwe. Hapa Lubumbashi hatukosi watu wa kukata na kuyeyusha chuma. GP moja ikatwe mbele ya mashahidi watatu, mtutu, chuma cha juu na mwili, vyote, namba ifutwe daftarini kwa sahihi, ndipo Glock moja itolewe kwenye sanduku.

Asubuhi nilimrudishia kijana bastola yake. Nilikuwa nimebadilisha springi kubwa kwa ile ya mwisho niliyokuwa nayo kwenye kopo, na moja ya shajeri zake mbili nilimwambia asiitumie tena. "Ishike," nilimwambia, "lakini andika barua ya kuomba ingine, na kwenye barua hiyo andika namba ya hii, na uombe uwepo siku itakapokatwa."