Jina Moja, Vigeu Viwili: Nimeijaribu Dibaga ya Visual Studio Code

Jambo yenu wote! Karibuni tena, niko hapa Lubumbashi, na leo sileti simu wala laptopu. Naleta dibaga, kile chombo cha kusaka hitilafu kilichomo ndani ya Visual Studio Code. Programu yenyewe ni ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta; ni ya Microsoft, ilitoka mwaka 2015, na ni ya bure. Wengi wenu mnaandikia kodi humo kila siku, lakini ile alama ya mdudu upande wa kushoto hamjawahi kuigusa. Hata mimi sikuigusa, mpaka duka la mama mmoja wa Katuba liliponilazimisha.

Sikilizeni. Huyu mama anauza unga, mafuta na sukari. Mnajua hapa kwetu: bei ya jumla inatajwa kwa dola, mteja analipa faranga, na kiwango cha kubadilisha kinaweza kuamka na sura nyingine asubuhi. Nikamwandikia programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Juu kabisa ya faili niliweka kiwango = 2800. Chini yake kuna funksheni, yaani kipande cha kodi chenye kazi yake, ya kubadilisha kiwango, halafu nyingine ya kuhesabu bei. Asubuhi mama anaingiza 2850, programu inamjibu kwamba kiwango kipya ni 2850, naye anaanza kuuza. Jioni hesabu haifungi. Mfuko wa dola 20 ulipaswa kutoka kwa faranga 57,000. Umetoka kwa 56,000. Faranga elfu moja kwa kila mfuko, zote za mama. Iliniuma sana.

Nikafanya kile tunachofanya wote: nikatia print, amri ya kuandika thamani kwenye skrini, ndani ya funksheni ya kubadilisha kiwango. Ikaandika 2850. Nikaendesha tena, 2850. Usiku mzima print inaniambia mambo yako sawa. Na haikusema uongo, jamani! Mimi ndiye niliyeiuliza mahali pasipo penyewe.

Sasa tazameni skrini. Nabonyeza pembeni mwa namba ya mstari, hapo kwenye kiwango = kipya ndani ya funksheni ya kubadilisha kiwango, nukta nyekundu inatokea. Nabonyeza F5. Programu inakimbia, naingiza 2850, nayo inasimama kwenye nukta, kabla mstari huo haujatekelezwa. Upande wa kushoto kuna sehemu ya vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, imeandikwa Variables, na imegawanyika: juu ni Locals, vigeu vya ndani ya funksheni, chini ni Globals, vile vya faili nzima. Kwenye Locals kipo kipya peke yake, 2850. Nabonyeza F10, nasogea mstari mmoja. Haya, oneni! Locals imepata mwenzake: kiwango, 2850. Nafungua Globals: kiwango, 2800. Jina ni lile lile, vigeu ni viwili, na kila kimoja kina nyumba yake.

Kwa Python, ukiliwekea jina thamani ndani ya funksheni, jina hilo linakuwa mali ya funksheni hiyo, isipokuwa umetangaza vingine. Funksheni ikimaliza kazi, kigeu chake kinaondoka nayo. Ile ya kuhesabu bei haikuwahi kukiona, iliendelea kusoma 2800 ya juu. Usiku wangu mzima ulikuwa umefichwa katika mistari miwili hiyo kwenye skrini.

Chini zaidi kuna Call Stack, yaani nani kamwita nani. Nikibonyeza mstari wa chini, ule wa aliyeita, Locals inageuka na kunionyesha vigeu vya huko. Hapa kuwa mwangalifu. Ukiandika kiwango kwenye Watch, sehemu ya kufuatilia thamani unayoitaka, jibu linafuata mstari uliouchagua: juu utaona 2850, chini 2800. Mimi huandika globals()['kiwango'], nikapata cha faili nzima popote nilipo.

Na hii ndiyo niipendayo kuliko zote: gonga mara mbili thamani ya kiwango kwenye Globals, andika 2850, acha programu iendelee. Bei inatoka 57,000. Umethibitisha ugonjwa kabla hujagusa herufi moja ya kodi.

Kasoro zipo. Globals inakuja imefungwa, na anayeanza anaweza kuipita bila kuiona. Tena, ukiwa na funksheni ndani ya funksheni, kigeu cha nje ambacho ile ya ndani haikitumii hakionekani ukisimama ndani. Ukikiuliza unajibiwa kwamba jina hilo halijulikani, wakati wewe unaliona mistari mitatu juu! Inabidi upande Call Stack ukaitafute ile funksheni ya nje, kama bado iko kazini. Kwa JavaScript vigeu vya nje ambavyo funksheni ya ndani inavitumia vinapewa kikundi chao, Closure, na ningependa Python nayo ionyeshwe hivyo.

Kwa intaneti msiogope: ukishapakua programu pamoja na kiongezo chake cha Python, dibaga inafanya kazi bila mtandao. Kama mashine yako ni dhaifu, Python inayo dibaga yake yenyewe, pdb. Tangu toleo 3.7 la mwaka 2018 unaandika breakpoint() kwenye kodi, basi. Herufi p inachapa thamani, u inakupandisha kwa aliyeita, d inakurudisha chini. Haina rangi wala madirisha, ila nilipoijaribu kwenye kompyuta ya zamani ya yaya yangu ilinipa jibu lile lile.

Dawa ya programu ya mama ilikuwa mstari mmoja: global kiwango, mwanzoni mwa funksheni. Naiendesha tena mbele yenu. F5, 2850, inasimama. F10. Locals imebaki na kipya peke yake. Na kule Globals, tazameni, 2800 imegeuka 2850. Kesho asubuhi naipeleka Katuba kabla mama hajafungua duka.