Kupinga uamuzi wa halmashauri England: kamati ya madiwani au mahakama?

Kamati ya uchunguzi ya madiwani, zao la sheria ya mwaka 2000, inaweza kuusimamisha uamuzi ambao haujatekelezwa na kuuliza swali ambalo jaji haligusi: je, una busara? Lakini haina uwezo wa kuufuta. Inaurudisha tu kwa waliouamua, nao wanaweza kushikilia msimamo uleule. Dirisha lenyewe ni la siku chache, na kwa kawaida mwananchi hana budi kumtafuta diwani wa kumbebea hoja.

Mahakama ina meno: hufuta, ila kwa kasoro za kisheria pekee. Kesi ifunguliwe upesi, isipite miezi 3 (ya mipango miji, wiki 6). Gharama, jamani, si mchezo. Mimi ningeanza na diwani huku nikihesabu siku.