Seti ya mifupa ya sokwe na binadamu: nimeitumia muhula mzima

Nafundisha biolojia kidato cha nne hapa Morogoro. Miaka yote somo la mageuko nimelifundisha kwa chaki: nachora sokwe, nachora mtu, wanafunzi wanacheka uchoraji wangu, kengele inalia. Januari nikajikaza, nikaagiza mtandaoni seti ya mifupa ya plastiki yenye ukubwa halisi: paja, mkono na wayo, ya sokwe na ya binadamu. Shilingi 185,000, nauli ya basi juu yangu. Mama watoto nimemtajia nusu ya bei.

Hela yangu imerudi kwenye mifupa miwili ya paja. Isimamishe mezani, upande wa goti uwe chini, zile nundu mbili ziguse meza sawasawa. Wa sokwe unasimama wima kama mlingoti. Wa binadamu unainama, kwa sababu unatoka nyongani ukielekea ndani hadi gotini, kama digrii 10 hivi. Ndiyo maana magoti yetu yanakaa chini ya mwili, na mguu mmoja unaweza kubeba uzito wote huku wa pili uko hewani. Sokwe akitembea kwa miwili huyumba kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta geti la kwake.

Kinachowanyamazisha darasani nakiweka mwisho: pembe hiyo hatuzaliwi nayo. Paja la kichanga limenyooka kama la huyu sokwe. Mtoto anasimama dede, anaanguka, anashika kochi, anajaribu tena, na uzito wa kila hatua unauelekeza mfupa unaokua. Aliyezuiwa na maradhi asitembee kabisa, pembe haimjii. Sasa Lucy, yule kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, anayo. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, goti lake ni shahidi kwamba alitembea kwa miwili?" Nikamwambia ndiyo, na halijahongwa.

Mkono nao ni mzuri. Vidole vya sokwe vimepinda kwa ajili ya kukwea na kuning'inia, na sokwe mdogo, anayeshinda mtini, huwa navyo vimepinda zaidi kuliko mkubwa aliyepunguza kupanda.

Ila wayo wa sokwe umeniudhi. Ulifika dole gumba limebandikwa likitazama mbele, sambamba na wenzake, kama la mtu! Kosa lolote lingine ningelisamehe. Dole la sokwe hutokeza pembeni kama gumba la mkono, akashikia tawi. Dole la kutazama mbele ndilo lile la nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, alama za miguu za wahenga waliotembea kwa miwili, zenye miaka milioni 3.6 na ushee. Yaani muuzaji kaniuzia sokwe aliyekwisha kushuka mtini. Nilimtumia picha, akajibu, "Zote ziko hivyo bosi." Nikachemsha maji, nikalegeza gundi, nikalirudisha mahali pake kwa mkono wangu. Limekaa upogo kidogo, lakini linashika kalamu ya risasi, na wanafunzi wanagombania kulijaribu.

Nampa nyota tatu na nusu. Anayo pia seti ya komba, yule mrukaji mwenye mifupa mirefu ya kifundo cha mguu, na naitamani. Safari hii ataanza kunitumia picha ya wayo ndipo nitume hela.