Kontena la baridi haligandishi: uzoefu wangu wa kusafirisha samaki na matunda kwa meli

Nimeshatuma makontena manne ya chakula ng'ambo kupitia wakala mmoja yule yule: matatu ya samaki waliogandishwa, moja la matunda mabichi. Mawili yalifika salama salimini, moja lilininyima usingizi, moja lilinitia hasara. Jina la wakala silitaji, maana nusu ya makosa yalikuwa yangu, na nusu hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kufikiri. Nilidhani rifa, kama watu wa bandarini wanavyoliita kontena la baridi, ni friza kubwa: unatupia mzigo, unafunga mlango, baada ya siku mbili umekuwa jiwe. Samaki wangu walitoka ghalani wakiwa nyuzi -9 katikati ya nyama, badala ya -18. Msimamizi wa upakiaji akachoma kipimajoto kwenye katoni tatu, akatikisa kichwa, akaniambia: "Mashine hii haigandishi. Inatunza ulichokileta." Nikabisha. Meli ilikuwa inafunga kupokea mizigo jioni ile, nami sikutaka kusubiri nyingine. Akaandika joto lile kwenye karatasi ya upakiaji na kunitaka nitie sahihi. Nilinuna. Leo namwelewa: alikuwa anajikinga, na alikuwa na haki.

Kilichotokea ndicho alichokisema. Kirekodi joto nilichokiweka katikati ya mzigo kilionyesha nyuzi zinashuka kwa mwendo wa konokono, siku baada ya siku, ilhali hewa inayotoka kwenye mashine ilikuwa -18 tangu usiku wa kwanza. Katoni za pembeni zilipoa upesi, za katikati zikachelewa mno. Mnunuzi aliupokea mzigo baada ya ukaguzi mrefu, na barua aliyoniandikia bado ninayo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya rifa hewa ya baridi hutokea chini, ikapita kwenye mifereji ya sakafu, ikapanda, kisha ikarudi kwenye mashine kwa juu. Mzigo uliogandishwa hupangwa ukabanana bila nafasi kati ya katoni, na baridi huuzunguka kwa nje kama ganda. Kazi ya ganda hilo ni kuzuia joto la nje lisiingie. Joto ulilolifungia ndani mwenyewe halina njia ya haraka ya kutoka. Ukutani kuna mstari mwekundu wa kikomo cha kupanga. Ukiuvuka, hata kwa safu moja ya katoni, umeiziba njia ya hewa kurudi, na mashine itahangaika safari nzima.

Na nani alikuambia upozeshe kontena kabla ya kupakia? Mimi niliomba hivyo, nikiona ni busara. Wakala akakataa. Kama ghala halina mlango unaoshikana na kontena bila kupitisha hewa ya nje, ukifungua kontena lililopoa, hewa ya moto yenye unyevu inaingia na maji yake yanaganda kwenye koili, yaani mabomba ya mashine yanayopoza hewa. Mashine inaanza safari kwa kuyeyusha barafu badala ya kutunza chakula. Ndiyo maana pia huizima wakati milango iko wazi. Hapa nawapa alama zote.

Suala hili la hewa ni la zamani kuliko makontena yenyewe. Mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin ilibeba nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand hadi London, safari ya siku 98. Njiani nahodha aliona baridi haisambai vizuri, akatambaa ndani ya njia za hewa kukata matundu zaidi, nusura agande humo humo. Walimvuta kwa kamba iliyofungwa miguuni. Mimi nilikuwa nabishana na mtu aliyeshika kipimajoto tu.

Kontena la pili lilikuwa karibu kuniua kwa kistari kimoja. Karatasi ya kuthibitisha nafasi melini ilirudi ikisema joto: 18. Bila alama ya kutoa. Karani wa wakala aliinakili hivyo, na kama nisingeisoma, rifa lingewapasha samaki wangu joto hadi nyuzi 18 juu ya sifuri, kwa utiifu mkubwa, bandari hadi bandari. Mashine haijui samaki wala mbegu, inafuata namba. Walirekebisha ndani ya saa moja na kuomba radhi, lakini kosa la namna hiyo kwa kampuni inayojiita ya mizigo ya baridi sikulisamehe moyoni. Samaki wenyewe walifika wakiwa kama walivyoondoka.

Sasa matunda. Matunda yaliyochumwa bado yanapumua, yanatoa joto na gesi ya kuyaivisha. Kwa hiyo tundu la hewa safi, ambalo kwa samaki hufungwa kabisa, kwa matunda hufunguliwa kwa kipimo, na kipimo hicho lazima kiandikwe kwenye maombi. Niliandika, wakafuata. Kilichoniangusha ni upangaji. Safari hii hewa inatakiwa ipite ndani ya mzigo, kutoka tundu la katoni hadi tundu la katoni, na sakafu yote iwe imefunikwa. Mzigo wangu ulikuwa pungufu, tukaacha nafasi tupu karibu na mlango. Hewa, kama maji, hufuata njia rahisi: ikapanda kupitia pengo lile na kurudi zake bila kugusa matunda. Safu za nyuma ziliiva njiani.

Nikadai fidia. Kampuni ya meli ikatoa kumbukumbu za mashine: joto lililopangwa halikuyumba hata siku moja. Kisha wakaomba picha za upakiaji, ambazo nilikuwa nimezipiga mwenyewe kwa fahari, pengo likionekana wazi kama mlango wa msikiti. Dai likafa hapo. Wakala naye alizubaa. Chini ya Kanuni za Hague-Visby, yaani kanuni za kimataifa kuhusu wajibu wa wenye meli kwa mizigo wanayobeba, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kutolewa taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 baada ya kukabidhiwa mzigo, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Barua yangu ilitoka siku ya 6. Kuchelewa huko pekee hakuui dai, ila kunawapa wenye meli pa kuanzia: mzigo unachukuliwa kuwa ulifika kama ulivyoandikwa hadi uthibitishe vinginevyo. Bima nayo haikunisaidia, kwa kuwa sharti lake lilikuwa mashine iwe imesimama saa 24 mfululizo, na yangu haikusimama hata dakika.

Gharama nitazipitia haraka. Nauli ilikuwa kama tulivyokubaliana. Kilichonishtua ni malipo ya umeme bandarini, maana rifa huchomekwa muda wote linaposubiri, na siku za bure ni chache kuliko za kontena la kawaida. Cheti cha afya kikichelewa, unalipa ya uwanja na ya umeme kwa pamoja. Njiani kwenye lori linahitaji jenereta, nayo ina bili yake. Waulize yote haya kabla, kwa maandishi. Kwa hiari yao hawasemi.

Kontena la nne nilipeleka samaki wakiwa -20 katikati ya nyama, vipimo vya katoni kumi vikiwa kwenye karatasi, virekodi vitatu ndani, kimoja karibu na mlango. Ningewapa nyota nne kati ya tano. Ile moja wameipoteza kwa kistari na kwa barua ya siku ya 6. Siku kontena linaondoka walinitumia picha ya kioo cha mashine bila mimi kuomba. Nilitafuta kistari kwanza, kisha nikasoma namba.