Mbolea ya kahawa ya pakiti kwa mboga za kwenye ndoo: ununue au uachane nayo?

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena kibarazani kwangu. Leo ile pakiti mliyoniandikia sana, "dada tufanyie ile mbolea ya kahawa", hii hapa mkononi. Nimeinunua kwa pesa yangu, sijapewa na mtu, kwa hiyo nitasema ninavyotaka. Jina nimeliziba kwa plasta makusudi, maana wanaouza kitu cha aina hii ni wengi na sitaki kugombana na mmoja.

Uzito, rangi, sijui mfuko unafungwa vipi, hayo mnayaona wenyewe. Nafungua. Mmh! Harufu nzuri jamani, hilo siwanyimi. Lakini tazameni kilichomo: machicha ya kahawa. Basi. Yale yale unayoyamwaga ukishachuja kahawa yako, yamekaushwa, yametiwa kwenye pakiti yenye picha ya nyanya nyekundu inayong'aa.

Kilichonipandisha hasira ni maelekezo. Nawasomea: "Tandaza juu ya udongo kwa unene wa sentimita mbili, kisha mwagilia." Mdogo wangu, sogeza kamera huku. Usinioneshe mimi, onesha ndoo. Hii ni ndoo ya lita kumi, ina pilipili hoho, na nimefuata maelekezo neno kwa neno. Angalia juu. Pamekauka, pameshikana kama ukoko wa wali. Nagonga kwa kijiko, mnasikia? Ko, ko, ko.

Sasa namwaga maji, kikombe kimoja, taratibu. Ona yanavyofanya. Hayaingii! Yamekaa juu yanazunguka, yanatafuta njia, haya, yanakimbilia ukingoni, yanateremka pale udongo ulipoachana na ndoo. Shuka na kamera, onesha tobo la chini. Tayari yanatiririka. Mtu akiona hivyo anasema alhamdulillah, ndoo imeshiba. Subiri. Naingiza kijiko chini ya huu ukoko, nainua... huo udongo wa ndani mnauona? Vumbi. Nimetia maji mbele ya macho yenu na mzizi haujapata tone. Halafu jua la Dar la saa saba linakuja kumalizia kazi.

Sababu yake ni kwamba chembe za machicha ni ndogo mno. Zikilowa zinabanana, zikikauka hazitaki tena maji. Shambani kuna minyoo, kuna jembe, patachokonolewa. Kwenye ndoo nani atachokonoa? Na hapa kwenye shina, sogea kidogo, mnaona huu weupe wenye manyoya? Ukungu. Wenyewe hauui mmea, ila unakuonesha kwamba machicha ndiyo kwanza yanaanza kuoza, na hapo ndipo penye tatizo la pili.

Machicha ya kahawa yana naitrojeni, kile chakula cha mmea, asilimia 2 hivi. Ipo, ila imefungwa. Bakteria wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni ya kwao, kwa hiyo wanachota ile iliyomo kwenye udongo kabla mboga haijaipata. Mchicha wako unapauka, wewe unasema haujashiba, unaongeza machicha. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya jaribio lao: waliweka machicha mabichi kwenye brokoli, liki, figili, mpaka alizeti. Yote yalidumaa, hata pale walipoongeza mbolea nyingine. Na pakiti hii inasema "matokeo ya haraka". Haraka ya nini?

Halafu msitie kwenye trei ya mbegu, nawaomba. Kafeini haiishi yote kwenye kikombe, inabaki ya kutosha kusumbua mbegu zisiote vizuri. Na wale wanaoniambia kahawa ina asidi, asidi yenyewe inayeyuka kwenye maji ya moto, mnainywa. Machicha yaliyobaki mara nyingi hayana asidi ya maana, kwa hiyo msiyategemee kurekebisha udongo. Na konokono? Anapita juu yake kama kawaida, nimewaona hapa hapa kibarazani.

Ndoo ya pili sasa. Hii naipenda. Humu kuna machicha pia, ila yameozeshwa kwanza. Kwenye pipa langu la mboji natia majani makavu kwa wingi, maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, na machicha yasizidi moja ya tano ya rundo zima. Nageuza, nalowesha, naacha mpaka nikishika sitambui tena kahawa ni ipi. Ndipo nachanganya na udongo, sitandazi juu. Namwaga kikombe kile kile... mmeona? Yamezama. Kimya. Nachimba kwa kidole, pabichi mpaka ndani. Video ingeweza kuishia hapa, lakini bado sijasema bei.

Elfu sita! Nusu kilo! Mtaani kwangu muuza kahawa wa kijiweni anamwaga machicha kila jioni, ukimpelekea kopo lako na salamu anakujazia bure. Mengine yana tangawizi ndani, hayana neno, yanaoza tu pamoja. Ila chukueni ya kahawa chungu isiyo na sukari, maana sukari inaita sisimizi. Na wewe unayekunywa Africafe usinitafute, ile inayeyuka yote, machicha utayatoa wapi?

Kwa elfu sita hizo bora samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Iliyokwisha kuoza, narudia, ile ya moto itakuunguzia miche. Kuna aliyeniandikia nitumie urea, ina naitrojeni asilimia 46. Ni kweli, lakini kwenye ndoo ndogo mkono ukiteleza kidogo tu umeunguza mizizi. Waachieni wenye mashamba.

Nimwambie na la haki muuzaji. Yamekauka vizuri, hayana takataka, na mtu anayeishi ghorofani, hanywi kahawa, ana pipa lake la mboji, anaweza kuyatia humo yakamsaidia. Nilifikiri nitaipa pakiti hii sifuri, ila kwa huyo mtu mmoja naipa mbili kwa tano. Wangefuta yale maelekezo ningefika tatu. Ile picha ya nyanya nayo waitoe.

Kama mmeshatandaza, msing'oe mboga. Kwangueni ule ukoko, utieni kwenye mboji, chokonoeni udongo juu juu kwa uma, halafu mwagilieni kidogo kidogo mara mbili tatu mpaka udongo ukubali kunywa.

Tangazo dogo: maikrofoni mpya imefika, kwa hiyo zile kelele za bodaboda mlizokuwa mnalalamikia zitapungua. Wiki ijayo tunafanya matembele kwenye viroba, na mbolea ya minyoo ambayo wengi mnaiogopa. Jiungeni na chaneli, bonyezeni kengele, na hapo chini niandikieni mtaani kwenu kopo la machicha mnapewa bure au mnauziwa.